Chumba cha Kupanga, Samani ya Kudumu

Mpangaji wa Dar es Salaam anaijua hesabu hii. Chumba kimepatikana, dalali amechukua kodi ya mwezi mmoja kuwa ujira wake, mwenye nyumba amepokea ya miezi sita kwa mkupuo, na kilichobaki mfukoni ndicho kinachosubiriwa na kitanda, kabati, meza na pazia. Hapo wengi hukimbilia kabati jipya la chipbodi linalong'aa dukani, kwa kuwa bei yake inavumilika. Ukihama mara ya pili, skrubu zake hazishiki tena, sehemu ya chini imevimba kwa maji ya deki, na mlango unaning'inia kwenye bawaba moja. Fedha imekwenda, na chumba kipya kinadai kabati jingine.

Nina ushauri mmoja mkubwa, na mengine yote yanaufuata: fedha ya mpangaji itangulie kwenye kitu atakachohama nacho. Rangi ya ukuta utamwachia mwenye nyumba. Kitanda cha mninga, meza ya mkongo au kiti cha msaji utaondoka navyo, na vikichakaa vitapigwa msasa na kurudia sura yao. Mtu wa kipato cha kawaida hawezi kununua mbao ya namna hiyo ikiwa mpya kwa ajili ya chumba kizima. Anaiweza ikiwa imeshatumika, imechubuka, imepakwa rangi mbaya na mwenyewe ameichoka. Kazi ni kuitambua, kuisafisha na kuirekebisha.

Pima kwanza

Kabla ya kwenda kutafuta chochote, chukua futikamba na daftari. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Kitanda cha futi 5 kwa 6 peke yake kinameza 30, karibu theluthi ya chumba. Ukikubali kulala kwenye futi 4 kwa 6, umeokoa futi 6 za mraba, ambazo zinatosha meza ndogo na kiti chake. Hesabu hii ifanyike kwenye karatasi, kwa kuwa sokoni kila kitu huonekana kidogo kikiwa kimewekwa uwanjani.

Tandaza magazeti sakafuni kwa ukubwa wa kila samani unayoifikiria, kisha utembee katikati yake. Acha njia ya sentimita 60 angalau pembeni mwa kitanda, na uhakikishe mlango wa kabati utafunguka bila kugonga godoro. Pima pia upana wa mlango wa chumba, mlango mkubwa wa nyumba na kona ya ukumbi. Nyumba nyingi za Uswahilini zina ukumbi mwembamba katikati na vyumba huku na huku, na kabati la futi 6 lisilofunguka vipande litaishia kibarazani.

Vipimo viwili vikae kichwani. Meza ya kulia au kuandikia huwa na kimo cha kama sentimita 75, na kiti chake kama sentimita 45. Ukinunua meza kwa mtu mmoja na viti kwa mwingine, tofauti ya kama sentimita 30 kati ya uso wa meza na kikalio ndiyo itakayokuwezesha kukaa bila mabega kupanda.

Baada ya vipimo, weka mpangilio wa kununua. Kitanda na godoro vitangulie, kwa kuwa usingizi haungoji mshahara ujao. Kisha mahali pa kuhifadhi nguo na vyombo, kisha meza na kiti, na kochi liwe la mwisho. Anayenunua vyote kwa siku moja hununua asivyovihitaji, na mara nyingi hulipa zaidi kwa sababu hana muda wa kulinganisha bei.

Mahali pa kutafuta

Anza na ndugu. Stoo ya shangazi au banda la babu mara nyingi lina meza iliyovunjika mguu tangu watoto walipoondoka. Omba kwa adabu, uliza kama kuna mtu mwingine aliyeahidiwa, na uchukue kitu ukiwa na nia ya kukitengeneza, si kukihamishia stoo nyingine.

Kisha kuna wanaohama. Wageni wanaofanya kazi kwenye balozi na mashirika, wengi wao wakiishi Masaki na Oysterbay, huuza vitu vya nyumba nzima mikataba yao inapokwisha, na matangazo yake husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Anayesafiri wiki ijayo hana nafasi ya kushikilia bei. Hoteli nazo, zinapofanya ukarabati, huondoa vitanda, meza za pembeni na viti kwa pamoja. Taasisi za umma huuza samani chakavu kwa mnada wa hadhara, na madawati na makabati ya ofisi yaliyotengenezwa zamani mara nyingi ni mbao tupu.

Keko ni jina linalojulikana kwa samani jijini, na wengi huenda kule kuagiza vitu vipya. Pita pia kwa fundi na umuulize kama ana kitu cha zamani alichoachiwa na mteja. Kwa msomaji wa Nairobi, Gikomba na mafundi wa kandokando ya Ngong Road watamfaa vilevile.

Jambo moja usilipuuze: jua unanunua kwa nani. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na bei ya ajabu ikitajwa na mtu asiyetaka kusema anakaa wapi, achana nayo. Omba maandishi, hata karatasi ya daftari yenye majina, tarehe, kiasi na sahihi za wote wawili. Safirisha mchana. Kirikuu au guta lenye kabati saa tano usiku litasimamishwa, na ni haki lisimamishwe.

Kuisoma mbao

Unapoona samani iliyotumika, usiangalie uso wake. Igeuze. Tazama chini ya meza, mgongo wa kabati na ndani ya droo, mahali ambapo muuzaji hakupaka kitu. Hapo ndipo mbao husema ukweli. Mbao halisi ina nyuzi zinazoendelea kutoka usoni mpaka ukingoni. Chipbodi huonyesha chembechembe zilizogandishwa, na ukingo wake umefunikwa kwa utepe uliobandikwa. MDF ni laini kama kadibodi iliyoshindiliwa. Plaiwudi ina matabaka, nayo si mbaya kwa mgongo wa kabati au sakafu ya droo.

Mninga una rangi ya kahawia yenye wekundu au dhahabu, na mafundi huupenda kwa kuwa ukishakauka haupindi wala kusinyaa ovyo. Mkongo ni mzito na mgumu, na mchwa hawaupendi. Msaji, unaopandwa kwenye mashamba kama Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro, una mafuta ya asili yanayoisaidia mbao yake kustahimili unyevu. Paini, ambayo nyingi hutoka misitu ya kupandwa kama Sao Hill huko Mufindi, ni nyepesi, nyeupe na laini. Inafaa kwa rafu, lakini isipotiwa dawa huliwa na wadudu upesi. Ukikuta samani iliyofunikwa kwa rangi ya mafuta, omba ruhusa ukwangue kidogo sehemu iliyojificha. Chini ya rangi ya kijani ya miaka ile huenda kuna mninga.

Halafu itikise. Kiti kinachoyumba kwenye viungo kinatengenezeka kwa gundi. Kiti ambacho mguu wake umepasuka kufuata urefu wa nyuzi ni kazi kubwa zaidi, na bei ishuke sana au ukiache. Kwa kochi, inua pembe moja ya mbele kama sentimita 15. Mguu wa pili wa mbele ukibaki sakafuni, fremu imelegea. Ukinyanyuka nayo, fremu bado ina nguvu.

Kunguni, mchwa na watoboaji

Hapa nasisitiza kuliko mahali pengine popote. Kunguni akishaingia kwenye nyumba ya wapangaji sita, tatizo lako ni la wote, na amani ya ukumbi itavunjika. Beba tochi. Kagua mishono ya vitambaa, matundu ya skrubu, viungo vya chaga na sehemu ya chini ya droo. Tafuta vidoa vyeusi kama vya kalamu, magamba mepesi ya rangi ya maji ya chai, na mayai meupe madogo. Godoro lililotumika usilinunue kabisa, hata likiwa safi machoni. Kunguni huweza kuishi miezi kadhaa bila kula, kwa hiyo kusema kitu kimekaa stoo muda mrefu hakumaanishi ni salama.

Samani yoyote iliyotumika ibaki uani kwanza. Ifungue vipande, sugua kwa brashi na sabuni, kisha mimina maji yanayochemka kwenye viungo na nyufa za mbao. Joto huua kunguni na mayai yake. Rudia baada ya wiki moja na tena baada ya mbili, kwa kuwa mayai yaliyoponea huanguliwa ndani ya muda huo. Fanya hivi kwa mbao tupu tu, maana chipbodi itavimba. Mafuta ya taa ambayo wengi huyapaka ni hatari ya moto chumbani, yaache.

Mchwa na wadudu watoboao mbao huacha dalili zao pia. Gonga mbao kwa kifundo cha kidole, na ikilia tupu, choma kwa bisibisi. Ikizama, ondoka. Vitundu vidogo kama kichwa cha pini vyenye unga laini unaodondoka vinaonyesha mdudu yu hai ndani. Vitundu vikavu visivyotoa unga huenda ni vya zamani, na dawa ya mbao ikipakwa na kupenyezwa humo inatosha.

Kugawa fedha na kuongea na fundi

Tuseme una laki nne. Weka laki mbili kwa ununuzi wa samani, laki moja kwa fundi na vifaa vyake, elfu 60 kwa rangi, kitambaa na taa, na elfu 40 kwa usafiri na dharura. Kiasi kikipungua, punguza idadi ya vitu, usipunguze fungu la ukarabati. Samani nzuri isiyotengenezwa itakusumbua kila siku, na vitu viwili vilivyokamilika hupendezesha chumba kuliko vitano vinavyochechemea.

Fundi apewe kazi zinazohitaji ujuzi wake: kubadilisha mguu, kunyoosha droo, kukata mbao, kushona kochi. Mpelekee picha na vipimo, au bora zaidi umlete aone. Kubalianeni bei ya ufundi mbali na bei ya vifaa, siku ya kumaliza, na malipo kwa awamu. Ukiweza, nenda naye kununua vifaa. Mlipe sehemu mwanzoni, sehemu kazi ikifika katikati, na kilichobaki siku ya kupokea. Ukishaikagua na kuridhika, mlipe papo hapo, usimzungushe. Fundi anayelipwa kwa heshima huikumbuka namba yako siku anapopata kabati zuri la bei nafuu.

Kazi ya mikono yako

Msasa, gundi na vanishi unaviweza. Kiungo kinachoyumba kitenganishe kabisa, kwangua gundi ya zamani, maana gundi mpya haishiki juu yake, kisha paka gundi ya mbao pande zote mbili. Kama huna klampu, zungusha kamba kwenye miguu ya kiti, pitisha kijiti katikati ya kamba na ukisokote mpaka kamba ikaze. Futa gundi inayotoka kwa kitambaa chenye maji na uache mpaka kesho yake. Usikimbilie msumari. Msumari huipasua mbao kuukuu, na kiungo kitalegea tena kikiwa na jeraha.

Tundu dogo lijaze kwa vumbi la mbao hiyohiyo lililochanganywa na gundi, na likikauka lisawazishe. Halafu anza msasa. Namba ndogo ndiyo inayokwaruza zaidi: anza na 80 kuondoa vanishi ya zamani, fuata 120, malizia na 220. Sugua kwa kufuata nyuzi, kamwe usikatishe. Ukikuta uso ni tabaka jembamba lililobandikwa juu ya plaiwudi, acha namba 80 na utumie mkono mwepesi, vinginevyo utalitoboa.

Vaa barakoa. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua cha baadhi ya watu. Rangi za mafuta za zamani nazo huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Rangi ya namna hiyo usiisugue kikavu. Ilowanishe, ikwangue nje mbali na watoto na vyombo, na ukusanye mabaki yote utupe.

Ukimaliza, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uache mbao ikauke. Mkono wa kwanza wa vanishi uwe mwembamba, umechanganywa na kiyeyusho kidogo kama maelekezo ya kopo yanavyosema. Ukikauka, pitisha msasa namba 320 taratibu, futa, rudia. Mikono miwili hadi mitatu inatosha kwa kabati, na uso wa meza uongezewe mmoja. Pwani, masika ya Machi hadi Mei si wakati mzuri wa kazi hii, kwa kuwa unyevu huchelewesha kukauka na huweza kuacha ukungu mweupe kwenye vanishi. Subiri siku ya jua, fanya asubuhi, kivulini penye hewa, na uweke moto mbali.

Vishikio vipya vya droo na bawaba mpya ni vitu vya bei ndogo vinavyobadilisha sura ya kabati zima. Karibu na bahari chagua vya shaba au chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida upesi.

Kochi

Kochi lenye fremu imara linastahili kuvuliwa kila kitu: kitambaa, sponji, hata mikanda iliyolegea. Fundi akishalivua, lisafishe na ulitie dawa kabla halijavishwa. Kwa kikalio, omba sponji yenye uzito wa kilo 30 kwa mita ya ujazo au zaidi, unene wa inchi 4 hadi 5. Ibonyeze kwa kiganja. Kiganja kikihisi meza chini yake kwa urahisi, sponji itabonyea moja kwa moja ndani ya muda mfupi.

Kuhusu kitambaa, ngozi bandia inavutia dukani lakini jasho na joto la pwani huifanya ibanduke vipande. Pamba nzito iliyofumwa vizuri hupumua na huvumilia. Kochi la watu watatu huweza kuchukua kiasi cha mita 10, kwa hiyo pima na fundi kabla ya kwenda Kariakoo. Mwambie ashone foronya zenye zipu, uweze kuzivua na kuzifua mwenyewe.

Ukuta, pazia na mwanga

Sasa tunafika kwenye vitu utakavyoviacha, na hapa matumizi yawe madogo. Zungumza na mwenye nyumba kwanza: "Mama, shikamoo. Naomba nipake chumba rangi, na ikikupendeza gharama tuikate kwenye kodi ijayo." Akikubali, iandikwe. Akikubali kupaka tu bila kukata kodi, paka ukuta mmoja ule unaoonekana ukiingia, na mingine uioshe.

Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, chokaa ya zamani inapukutika na rangi yoyote juu yake itabanduka. Kwangua, osha, acha ikauke, ndipo upake rangi ya maji ya rangi hafifu, kwa kuwa chumba chenye dirisha moja kinahitaji kila mwanga. Ukuta unaotoa chumvi chini usiufunike kwa rangi ya mafuta. Unyevu utanaswa ndani na plasta itavimba.

Kwa pazia, doti moja ya kanga inatosha dirisha la kawaida. Kila kanga ina kama mita moja na nusu kwa mita moja. Ukizitundika mbili kwa wima unapata kimo cha mita moja na nusu na upana wa mita mbili, na dirisha la mita 1.2 linapata mikunjo yake. Zifue kabla ya kushona ili zisije zikaruka baadaye. Kanga na kitenge vinapendeza pia kwenye foronya za mito, lakini visitumike kuvika kikalio cha kochi, maana ni vyepesi. Mkeka wa ukindu unapooza sakafu na unakunjwa siku ya kuhama. Kioo kikubwa cha mtumba kikielekezwa dirishani kinaongeza mwanga wa mchana, na usiku balbu ya LED ya mwanga wa njano hutuliza chumba kuliko nyeupe kali.

Kuhama nayo

Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba kitanda na kabati viungwe kwa bolti, visipigiliwe misumari. Siku ya kuhama, fungua bolti, zitie kwenye mfuko mdogo na ufunge mfuko huo kwenye fremu yake. Weka alama kwa penseli ndani ya kila kiungo, A na A, B na B, na chumba kipya kitasimama jioni ileile. Katikati ya kuhama na kuhama, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, weka vipande vya mpira chini ya miguu ili maji ya deki yasiifikie mbao, na uongeze mkono mmoja wa vanishi pale uso unapoanza kufifia.

Mninga huchukua miongo mingi msituni kabla ya kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kila kabati la zamani linaloingia chumbani kwako ni mti mmoja uliokwisha kukatwa ukiendelea kufanya kazi yake, na ni fedha yako ikikaa mahali ambapo unaweza kuiuza tena ukibanwa. Chumba kinaweza kuwa cha mtu mwingine. Kitanda, meza na kiti viwe vyako kwelikweli, vya mbao utakayoweza kumrithisha mwanao, na kwa mpangaji huo ndio mwanzo wa nyumba.